Nyumba Bila Bati, Mdomo wa Vyuma

Mbale, chini ya mlima Wanale
4 Machi 2024

Betty mdogo wangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu wewe unajua kuikata na mimi najua kuizima, tunaishia hapo. Barua huwezi kuikatia katikati. Nimempa Ouma, dereva wa basi, akuletee mpaka hapo dukani kwa Sukhdev unakouza.

Nataka kukuuliza kitu ambacho sote tulitaka kukuuliza kwenye matanga ya shangazi, tukanyamaza kwa sababu ya maiti. Ni nini hicho ulichokifunga mdomoni?

Nilikuona ukila. Nilikuwa na sahani ya malewa ya karanga mkononi, na unajua mimi na hayo machipukizi ya mianzi. Nikaiweka chini. Jani la mchicha lilikuwa linaning'inia kwenye waya wa mbele kama nguo iliyoanikwa, na wewe unaongea na katekista, unatabasamu! Kisha ukatoka na kikombe na kale kabrashi kama ka kusafishia bunduki, ukasimama kando ya jikoni mbele ya wakwe zetu. Ukasugua, ukatema. Ukasugua, ukatema. Mate ya rangi ya waridi, yanavutika kama uzi, na kuku wanakuja kudonoa. Mimi nimefanya kazi ya magereza mpaka nikastaafu, nimesimamia wafungwa wakimwaga ndoo za choo kila asubuhi, na sijawahi kuacha sahani ya chakula.

Betty, una miaka arobaini na moja. Wanaofungwa waya ni watoto wa matajiri. Mtu wa umri wako anafunga waya kwenye boma la ng'ombe. Nilipita Bugembe nikaiona nyumba yako: ukuta umefika kwenye linta, ndani yameota magugu, mbuzi wa watu wamelala sebuleni na kinyesi chao. Nikauliza fundi, akasema mwenye nyumba amesimamisha kazi, hela amepeleka kwa daktari wa meno. Milioni tano! Nyumba haina hata bati moja, mdomo umejaa vyuma. Kama kuna mwanamume amekwambia ukanyooshe meno ndipo akuoe, mtaje jina, nitakuja na kiboko changu cha zamani.

Huku si kuzuri sana. Nambozo binti yangu amekuja kukaa kwangu na mtoto. Emma ana miezi mitano sasa, tumbo linamwendesha tangu Jumatano, choo ni maji ya kijani yenye harufu ya yai viza. Mate yanamtiririka mpaka shingo imechubuka. Fizi za chini zimevimba pembeni na zina weupe. Tunajua ni nini, tutashughulikia.

Dada yako,
Gorreti


Jinja
9 Machi 2024

Dada Gorreti,

Shikamoo. Asante kwa salamu zako tamu.

Hakuna mwanamume. Angekuwepo ningemwambia alipe yeye.

Kinyaa ulichokisikia wewe kwa mchana mmoja wa matanga, mimi nimezaliwa nacho, nakimeza kila siku. Wewe una meno ya Baba, yamesimama mstari kama gwaride. Yangu yamepandana, moja limemlalia mwenzake, jingine linatazama nyuma. Chakula kinaingia humo na hakitoki. Nikila nyama Jumapili, Jumanne ulimi unaikuta bado ipo, laini, inanuka. Umewahi kujilamba kiganja, ukasubiri kikauke, ukakinusa? Mimi nafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kufungua kaunta. Wakati wa korona Mzee Sukhdev aliweka kioo kati yangu na wateja. Korona ikaisha, kaunta nyingine zote zikaondolewa vioo, changu kikabaki. Ni mzee mwenye heshima zake, lakini mimi si mjinga.

Na kwenye kambi ya magereza ya Baba waliniita nani? Msumeno. Wewe ulikuwa unawapiga walioniita hivyo, nakumbuka. Lakini na wewe ulikuwa ukiniita ukikasirika.

Kwa hiyo nikaenda kwa Daktari Mansi, binti mdogo tu, juu ya duka la vitambaa la kina mama yake. Alinivuta midomo kwa ndoano za plastiki, kushoto, kulia, juu, chini, akapiga picha, akanionyesha kwenye kompyuta. Dada, ulishaona kichwa cha mbuzi buchani, kile kilichochunwa, kinacheka? Ndiye mimi. Nilimwomba azime. Akasema hapana, tazama, kuna kitu nataka tukione pamoja.

Akaniwekea picha ya eksirei. Chonge zangu za chini hazipo. Sio zimeng'oka, hazipo kabisa, hata mzizi. Ya juu kushoto ipo, lakini imekuwa kama kidole cha tangawizi, ya njano, imepinda, imelala ndani ya mfupa. Ndiyo maana meno mengine yaliinamia pale penye nafasi na kukanyagana. Kisha akaniuliza polepole, "Nani alikuchokoa fizi ulipokuwa mchanga?"

Nikamwambia hakuna mtu. Akasema mfupa hauna sababu ya kudanganya.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili nilipozaliwa. Baba hayupo, Mama hayupo, nimebaki na wewe tu wa kuuliza. Nilifanywa nini?

Pole kwa tumbo la Emma. Mpe busu langu, la upande usio na waya.

Mdogo wako,
Betty


Mbale
16 Machi 2024

Betty,

Eti ulifanywa nini. Uliponywa! Ndicho ulichofanywa.

Na hilo jambo la nyama ya Jumapili ungeniachia. Niliisoma barua yako nikiwa nakula.

Sikiza. Ulikuwa na miezi sita. Baba alikuwa amepelekwa kulinda wafungwa mashambani, mshahara haujaja, na wewe unaharisha mpaka macho yameingia ndani. Mama akakubeba zahanati ya kambi, wakampa vidonge, havikusaidia. Wanawake wa kambini wakakufungua mdomo, wakasema huyu ana meno ya uongo, yale Wasoga wanaita ebiino. Minyoo imejificha kwenye fizi inamla mtoto. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anayatoa, nyuma ya vyoo vya lain ya tatu ya nyumba za askari. Alikuwa na spoku ya baiskeli amenoa ncha yake kwenye jiwe. Akachokoa chini pande zote mbili, akachokoa na juu. Mimi nililetewa maji ya chumvi niyashike. Minyoo ikatoka, akaipanga kwenye kipande cha jani la mgomba tuone: myeupe, laini, midogo kama punje za mchele uliolowa. Niliiona kwa macho haya. Mama alilia kwa furaha, akavua kitenge chake akampa yule mama.

Wiki iliyofuata ukaacha kuharisha, ukaanza kucheka. Bila spoku ile leo nisingekuwa na mdogo wa kunitapisha na vyuma vyake.

Sasa unamlipa mtu mamilioni akwambie kwamba Mama alikuharibu. Mama aliyekubeba mgongoni kwenye jua! Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko mchicha na mate yako yote. Ulitoka tumboni mwake na leo unamshitaki kwa picha ya eksirei. Sitasikia tena habari hiyo.

Emma ana yale yale, bado anaharisha, amekuwa mwepesi ukimbeba. Kuna Bibi wa Meno, anakaa huko juu mlimani, wanamsifu sana. Atashuka Jumamosi hii inayokuja, tarehe 23. Jogoo wake tumeshamfunga mguu.

Na usije. Nambozo ana roho nyepesi, ukija na maneno ya daktari wako utamvuruga. Ukionekana hapa nitafunga geti, na unajua najua kufunga geti.

Gorreti


Jinja
Alhamisi, 21 Machi 2024

Dada,

Gari la Ouma liliharibika njiani, barua yako nimeipata leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama kaunta na nimetapika ndani ya ndoo ya misumari ya Mzee Sukhdev. Nimekupigia, umezima. Simu ya Nambozo haipatikani. Najua ni wewe umeichukua.

Tafadhali, nakupigia magoti, usimguse huyo mtoto.

Nimekimbilia kwa Daktari Mansi nikamsomea barua yako neno kwa neno. Ilipofika kwenye jani la mgomba akafumba macho. Dada, ile haikuwa minyoo. Yalikuwa meno. Meno ya mtoto kabla hayajakomaa ni laini na meupe hivyo hivyo, yamelala ndani ya fizi yanangoja wakati wake. Kila mtoto mzima anayo. Ukimchokoa mtoto yeyote wa hapo kwenu, hata asiyeumwa, utazipata hizo punje za mchele. Mama yetu alilipa kitenge ili nitolewe meno yangu kabla hayajaota, na wewe ulishika maji, na mkashangilia. Kinyaa nilicho nacho si kwenu, ni kwa lile jani.

Nilipona kwa sababu kuhara kuliisha kwenyewe. Wengine hakuishi. Daktari anasema alipokuwa mwanafunzi aliwaona wodini: damu haikatiki, au uchafu wa spoku unaingia kwenye damu, mtoto anakakamaa. Wanaopona, anasema, wanakuja kwake wakubwa, na yeye hana cha kuwarudishia, anasukuma tu yaliyobaki. Hayo ndiyo ninayoyalipia milioni tano. Kusukuma yaliyobaki.

Mama hakuwa mbaya. Mama alidanganywa, na alidanganywa akiwa amechoka na ana mtoto mgonjwa, kama Nambozo alivyo leo. Lakini yeye hakuwa na mtu wa kumwambia. Nyinyi mnaye, ndiye huyu mnayemfungia geti.

Mpelekeni Emma hospitali leo hii. Mtoto anayeharisha anakaukiwa maji, hicho ndicho kinachoua, si fizi.

Umenikataza nisije. Sawa. Nimetuma meno yangu.

Kabla ya kufunga vyuma Daktari alinitengenezea mfano wa mdomo wangu kwa plasta, juu na chini. Nimeyafunga ndani ya boksi la biskuti, nimeweka pamba. Yaweke mezani, mwonyeshe Nambozo. Weka kidole pale ambapo chonge zingekuwa. Kisha mtazame Emma.

Betty


Mbale
25 Machi 2024

Betty,

Una akili wewe? Nakuuliza mbele ya Mungu, una akili?

Mtu mwenye akili anaweka barua juu ya boksi, anaandika nje "msiogope". Wewe umeitumbukiza chini, chini ya pamba! Banange, umeniaibisha mtaa mzima.

Jumamosi saa tatu Bibi wa Meno alikuwa ameshakaa kwenye mkeka. Nambozo amempakata Emma, majirani wamejaa mlangoni kama wafanyavyo. Yule bibi ametoa spoku yake kwenye nywele. Sikusema kwenye begi, nimesema kwenye nywele, ilikuwa imechomekwa chini ya kilemba kama kichanio. Akaipangusa kwenye sketi. Akaitemea mate, akaipangusa tena. Mimi hapo hapo nikajiambia Gorreti, tulia, umeona mengi.

Ndipo Ouma anapiga honi, boksi la biskuti kutoka Jinja kwa Betty! Nambozo akafurahi, akanipa mtoto, akafungua.

Mayowe yake yalisikika mpaka kwa katekista. Akarusha boksi, meno yakaruka, ya juu yakaangukia kwenye mapaja ya Bibi wa Meno, ya chini yakabiringika mpaka kwenye miguu ya jogoo. Jogoo akapiga kelele. Meno meupe pe, yamepandana, hayana mwenyewe, yamekaa mapajani mwa mtu kama yanataka kuongea. Yule bibi aliyatazama. Akasema kwa Kimasaba kwamba yeye ametoa meno maisha yake yote, na leo yamekuja kumdai. Akainuka, akapita katikati ya majirani, akaacha jogoo, akaacha viatu, akaacha na spoku. Mzee yule nilivyomwona anapanda mlima sikujua ana mbio zile.

Sasa mtaani inasemwa Afande Gorreti anaagiza taya za wafu kutoka Jinja. Padri amekuja kunyunyiza maji ya baraka nyumbani kwangu. Mimi! Mwenyekiti wa akina mama!

Nikabaki peke yangu sebuleni, maana Nambozo alishaninyang'anya mtoto akakimbia naye. Nikaiokota ile spoku ili niitupe chooni. Nikaitazama kwenye mwanga. Betty, nimewanyang'anya wafungwa visu vya kila namna, vya vijiko, vya mswaki, vya mifupa, kimoja kilikuwa kimefichwa mahali nisipopataja. Vyote vilikuwa visafi kuliko ile spoku. Ilikuwa na kutu, na kwenye ncha kulikuwa na kitu kimekauka, cheusi, na unywele umenasa ndani yake. Kitu cha mtoto mwingine. Na yule bibi nilikuwa nimemwita mimi mwenyewe. Nilikuwa nimemchagulia na jogoo mzuri.

Nilitapika, kama unataka kujua. Sikufika chooni.

Ndipo nikaona barua yako kwenye pamba. Nikaisoma, nikakutukana, nikaisoma tena. Nikayakusanya meno yako. Niliweka kidole pale uliposema. Kiliingia chote, Betty. Kidole changu hiki kinene cha askari kilikaa pale bila kubanwa.

Nambozo alikuwa ameshafika hospitali kabla yangu, bila kuniuliza. Emma alikuwa amekaukiwa kabisa. Walimtafuta mshipa mpaka wakaupata kichwani, wakamwekea maji. Daktari wa hapo akatuambia tungekaa mpaka Jumatatu tungekuja kuchukua cheti cha kifo tu. Sasa anakunywa maji yale ya chumvi na sukari ya pakiti, analia kwa sauti, anakojoa. Tumerudi naye nyumbani leo.

Usidhani nimekubali mambo ya vyuma. Lakini sikupeleka jogoo mlimani. Tumemla.

Mama hakujua. Andika hivyo mahali, kwamba hakujua.

Gorreti


Mbale
18 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Ulivyokuja mwezi wa nane ulifurahi kumwona Emma amenenepa. Sasa kuna jambo, na Nambozo ameniomba nisikwambie, ndiyo maana nakwambia.

Alipelekwa kwa upande wa baba yake, wiki moja tu. Huko nako alishikwa na tumbo. Amerudi fizi ya chini ina kidonda pande zote mbili na mdomo unanuka. Wanasema alianguka na kikombe. Kikombe gani kinakata kushoto na kulia na kuacha katikati? Niliwaita wote, mmoja mmoja, nikawahoji kama nilivyokuwa nikihoji wezi. Bibi yake mzaa baba hakunitazama machoni. Hakuna aliyekubali.

Najisikia mchafu hata sijui kwa nini, mimi sikuwepo. Nikimlisha nautazama ule mdomo na chakula kinanishinda mimi mwenyewe. Muulize daktari wako tutajuaje.

Dada yako,
Gorreti


Jinja
2 Desemba 2024

Dada Gorreti,

Nimemwonyesha Daktari Mansi picha aliyokubali kunitumia Nambozo. Anasema kidonda kinaweza kuwa kikombe kweli, kinaweza kuwa spoku. Kwa mtoto mdogo vile hawezi kumpiga eksirei ya kuaminika, hatulii. Ni kusubiri. Chonge ndizo zinazochelewa, zinakuja mwaka mmoja na nusu hivi, mpaka kuelekea miaka miwili. Zikija, alianguka. Zisipokuja, tutajua.

Msafishieni kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Na usiache kumlisha kwa sababu ya kinyaa, dada. Kwa kinyaa hicho hata mimi mngeacha kunilisha.

Nimekasirika mpaka nakaza taya na waya unanikata shavu. Nimeshindwa kuandika zaidi.

Betty


Jinja
28 Juni 2025

Dada,

Jana vyuma vimetoka.

Daktari alivibandua kwa koleo, kimoja kimoja, kila kimoja kinalia kama ganda la konokono ukilikanyaga. Chini yake gundi ya njano, na chini ya gundi meno yangu. Nilipitisha ulimi nikadhani ni mdomo wa mtu mwingine. Utelezi mtupu. Nilitaka kuutema.

Utaniuliza kama imelipa. Sijui nikujibu nini. Yamenyooka. Nyama haikai tena mpaka Jumanne, na kiganja asubuhi kinanuka kiganja. Mzee Sukhdev aliniona nikicheka na mteja leo, akamwita fundi aje aondoe kioo. Nilifurahi mpaka nikaenda stoo kulia. Halafu huko huko stoo nikasikia hasira. Kumbe miaka yote alikuwa ananusa, na alijua, na mimi nilikuwa namwandalia chai.

Na mapengo bado yapo. Chini pande zote mbili, yamepangwa vizuri sasa, yanaonekana kama milango miwili imeachwa wazi. Daktari anasema anaweza kunipachika meno ya bandia, hela nyingine kama ile ile. Nimekataa. Bugembe kunanyesha ndani ya nyumba yangu, mbuzi wamezaa humo. Fundi amerudi kazini Jumatatu. Mapengo nitakaa nayo. Nikicheka, mwenye kuona aone.

Lakini si hayo yaliyonifanya niandike. Emma ametimiza mwaka na miezi minane. Nikimpigia Nambozo anasema mtandao mbaya. Nikikupigia wewe unaniuliza bei ya samaki wa ziwani hapo Masese. Mnanificha nini? Nilimwuliza Daktari Mansi jana nikiwa bado kwenye kiti, akasema muda unaisha. Niambie ukweli hata kama ni mbaya. Kama walimtoa meno, nitaanza kuweka hela sasa, ili asingoje miaka arobaini.

Mdogo wako,
Betty


Mbale
12 Julai 2025

Betty wangu,

Hatukukuficha. Hatukuwa na la kusema. Kila asubuhi nilikuwa namfungua mdomo naingiza kidole, na kila asubuhi fizi ya pembeni ilikuwa tambarare. Nambozo alikuwa ameacha kutazama. Alisema mama, niache, mimi ndiye niliyempeleka kule. Ningekwambia nini kwenye simu?

Wiki iliyopita Emma akaanza kunikataa. Nikimshika kidevu anafumba mdomo, anapiga mateke, makamasi mpaka kifuani, anajipaka uji. Mtoto mchafu sijawahi kuona. Nikajua fizi inamuuma, nikasema labda ni kile kidonda kimerudi. Siku mbili sikumgusa.

Leo asubuhi nilikuwa namwogesha kwenye beseni. Nikamkamata kichwa kwa nguvu za kiaskari nikaingiza kidole. Shenzi yule mtoto akageuka akauma mkono wangu, hapa juu ya kifundo, akakaza, akaning'inia hapo kama mbwa. Nilipiga kelele majirani wakaja mbio. Damu, mate, povu la sabuni, makamasi, vyote kwenye mkono mmoja. Nilimvuta, nikamzaba kofi moja la matakoni. Kisha nikatazama mkono.

Katikati kuna alama nyembamba za meno ya mbele. Pembeni kuna matundu mawili, kushoto na kulia, yameingia kweli kweli.

Nambozo alipoyaona alikaa chini kwenye maji ya beseni na nguo zake zote. Amelia, mimi nimelia, mtoto akaanza kutucheka na zile ncha mbili za chonge za chini zimechomoza, bado zina damu yangu.

Sijaosha mkono. Nesi jirani amenikemea, anasema mdomo wa mtoto ni mchafu kuliko choo, nipake dawa. Nimemwambia aondoke.

Panda gari la kwanza kesho. Geti liko wazi. Njoo uone mkono huu kabla haujapona.

Dada yako,
Gorreti